Nani aamue bustani ijengwe wapi?

Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la umma, angalau nusu hekta, ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Vipimo vya namna hii vina faida kubwa. Bila takwimu, mtaa wenye wasemaji hodari ndio unaopata mabembea mapya kila mara. Mwaka 2016 bodi ya bustani ya Minneapolis, Marekani, ilipitisha kanuni ya kugawa fedha za bustani za mitaa kwa vigezo vinavyohesabika, umaskini na uchakavu wa vifaa vikiwamo. Mtaa uliosahaulika hauhitaji tena kubembeleza.

Ila mita hizo 300 hupimwa kwa mstari ulionyooka, na mama anayesukuma kigari cha mtoto hapiti kwenye mstari. Anakutana na barabara ya njia sita, kivuko kiko mbali, geti la bustani liko upande wa pili wa uzio. Anageuza kigari, anarudi nyumbani. Kwenye jedwali ameshahesabiwa kuwa na bustani.

Basi tuwaulize wakazi? Ndiyo, lakini mkutano nao una upofu wake. Ukiitishwa jioni, mfanyakazi wa zamu hayupo, kijana anaona haya kunyanyua mkono, na mwenye nyumba huongea kuliko mpangaji. Mara nyingi mchoro umeshakamilika, watu wanaulizwa rangi ya benchi tu. Hilo linaniudhi kuliko kutoulizwa kabisa.

Hata swali lenyewe laweza kukosewa. High Line ya New York, bustani iliyojengwa juu ya reli ya zamani, ilifunguliwa mwaka 2009, na mtaa ukapanda bei. Robert Hammond, mmoja wa waasisi wake, alikiri mwaka 2017 kwamba badala ya kuwauliza majirani bustani ifananeje, wangewauliza wanahitaji nini. Majirani hao, wengi wakiishi katika nyumba za umma, walikuwa na shida kubwa kuliko usanifu.

Kwangu mimi, takwimu ziamue mtaa upi uanze kupewa fedha, na hapo pasiwe na mjadala. Kitakachojengwa waamue wakazi, kabla mchoro haujaanza, na kodi za nyumba ziwe kwenye ajenda siku hiyohiyo. Waliohudhuria nao wahesabiwe kwa umri, jinsia na mtaa. Wakikosekana wapangaji, wafuatwe milangoni kwao.