Kura sita zinatosha

Kwetu Tanga, Ramadhani ikifika ukingoni, nyumba hii inakula Idi na ya jirani bado imefunga. Mwaka mmoja wajomba zangu wawili walinuniana hadi Mfunguo Tatu kwa kubishania kuandama kwa mwezi.

Hapa New York namtunza bibi wa Kiyahudi, wa madhehebu ya Kihafidhina (Conservative), yaliyo katikati ya Wayahudi wakali wa sheria na wale waliolegeza. Siku ya Sabato huenda sinagogi kwa gari. Mwaka 1950 kamati ya sheria ya marabi wao iliruhusu gari kwa safari hiyo, kwa kuwa watu walikuwa wamehamia vitongojini. Kaka yake ni Myahudi wa Kiothodoksi, wale wanaoshika sheria bila kulegeza. Yeye hutembea hata kwenye theluji. Kwake Torati yote ilitoka kwa Mungu, nayo inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, na injini ya gari huwasha moto ndani yake. Binti wa bibi yuko upande wa Mageuzi (Reform), Wayahudi waliolegeza sheria, ambao marabi wao walitangaza Pittsburgh mwaka 1885 kwamba sheria za chakula zilikuwa za zama nyingine. Anasema Torati iliandikwa na watu waliokuwa wakimtafuta Mungu.

Kamati ile ndiyo iliyonigusa. Ina wapiga kura 25, na rai ikipata sita tu, rabi anaruhusiwa kuifuata. Desemba 2006, kuhusu mashoga, rai mbili zinazopingana zilipita kwa kura 13 kila moja. Piga hesabu: yupo aliyezikubali zote mbili!

Sisemi hawagombani. Mwaka 1945, hapahapa New York, marabi wa Kiothodoksi walimtenga Mordecai Kaplan, rabi aliyefundisha katika chuo cha Wahafidhina, na kitabu chake cha sala kikachomwa moto. Hilo ni baya popote.

Ila sisi tunajinyima kilicho chetu. Imamu Shafii, ambaye pwani yetu inamfuata, alibadili rai zake nyingi alipohamia Misri kutoka Iraki, na wanafunzi wake wakazihifadhi za zamani na mpya. Wao hawakusema amepotea. Basi kwa nini jirani aliyeona mwezi kesho yake awe adui?

Nilimpigia simu mjomba mkubwa nikamsimulia haya yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na huyo kaka anayetembea, akifika kwa dada yake anakula?"

Anakula, mjomba. Bibi ana vyombo vya nyama mbali na vya maziwa mbali, kama sheria yao ya chakula inavyotaka, na binti yake ndiye anayepakua.