Ukuta wa Djurgården na daraja la tatu la MV Bukoba

Waswidi wa rika fulani wana swali wanaloulizana kahawa ikishamiminwa: ulikuwa wapi Palme alipouawa? Olof Palme, Waziri Mkuu wao, alipigwa risasi usiku wa Februari 28, 1986, akitoka sinema na mkewe, bila mlinzi hata mmoja, kwenye kona ya Sveavägen hapa Stockholm. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo majibu nimeyasikia ya kila aina. Huyu alikuwa ananyonyesha, yule alikuwa dansini, mwingine aliamshwa na jirani akadhani nyumba inaungua. Wakimaliza hunigeukia: na ninyi kwenu mnaulizana nini?

Nawajibu kwamba kwetu Bukoba, Tanzania, kando ya Ziwa Victoria, tunaulizana ulikuwa wapi siku ya meli. Hatuhitaji hata kuitaja jina. Wao hawaijui, na siwalaumu, maana hata kule Dar es Salaam wapo vijana wanaoijua kwa kusikia tu. Lakini nikisema "ni Estonia yetu", sura zinabadilika na hakuna anayeuliza tena.

Kwa wasioijua Estonia: ilikuwa meli kubwa ya abiria na magari iliyotoka Tallinn kuja Stockholm. Usiku wa kuamkia Septemba 28, 1994, katika dhoruba, mlango wa mbele ulivunjika, maji yakaingia sitaha ya magari, ikazama katika Bahari ya Baltiki kwa muda usiofika saa nzima. Walikuwemo watu 989. Waliokoka 137, wakafa 852. MV Bukoba, meli yetu, ilifuata miezi ishirini baadaye, Jumanne ya Mei 21, 1996, ikiwa imetoka Bukoba jioni ya Jumatatu, ikapakia wengine bandari ya Kemondo, ikapinduka asubuhi ikielekea kuingia Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa ni... na hapa ndipo ninapokwama kila ninapowasimulia wazee wangu. Wapo wanaosema mia nane na zaidi, serikali iliwahi kutaja 894, wapo wanaosema elfu moja. Mzee mmoja, mhasibu mstaafu, aliniuliza kwa utulivu: inawezekanaje tofauti ikawa ya watu mia?

Inawezekana kwa sababu ya daraja la tatu. Waliokata tiketi za vyumba, daraja la kwanza na la pili, waliandikwa. Wa daraja la tatu, wale wa kulala kwenye mabenchi na sakafuni, kati ya mikungu ya ndizi na magunia, hawakuwa na orodha. Mtu alilipa, akapanda, basi. Meli ilipozama, mwenye kitanda alibaki kwenye karatasi, na mwenye mkeka alibaki kwenye kichwa cha mama yake.

Mimi nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wa zamu alitoka ofisini akatuambia turudi nyumbani, hakusema kwa nini, na sisi kwa ujinga wa utoto tukashangilia. Njiani tuliwakuta watu wazima wanakimbia kwenda bandarini, jambo ambalo hata leo sielewi mantiki yake, maana meli ilikuwa upande wa pili wa ziwa. Nadhani walikwenda pale kwa kuwa ndipo walipowaona watu wao mara ya mwisho. Nyumbani redio ya baba mdogo ilitolewa nje ikawekwa juu ya stuli, na mtaa mzima ukakaa kuizunguka. Radio Tanzania ilikuwa inapiga nyimbo za maombolezo, taarifa kidogo, nyimbo tena. Baadaye tukasikia kwamba meli haikuzama mara moja, ilikuwa imeelea juu chini, watu wanasikika wakigonga kutoka ndani, na kwamba ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikaenda chini. Hilo la kugonga ndilo lililowafanya wanaume wa mtaa wetu walie hadharani. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Mtaani kwetu zilikuwa nyingi zaidi, kwa sababu maiti zilikuwa zikiletwa moja moja, na nyingine hazikuletwa kabisa.

Jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa akipeleka ndizi Mwanza, hakuletwa. Sitaandika jina lake hapa, hiyo ni haki ya wanawe. Ila najua hivi: mahali lilipoandikwa jina lake kwa wino, kama kumbukumbu ya kufa kwake na meli ile, mimi sipajui, na wanawe nao hawapajui. Huenda ni mmoja wa waliozikwa Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa. Huenda bado yuko ziwani.

Sasa nirudi huku. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na bibi mmoja ambaye dada yake alikufa na Estonia. Kila Septemba 28 alitaka kupelekwa Djurgården, kisiwa kilicho katikati ya mji, karibu na makumbusho ya meli. Pale kuna kuta tatu za mawe zilizokutanishwa pembe tatu, katikati umeachwa mti, na juu ya mawe yamechongwa majina, safu kwa safu. Ilizinduliwa 1997, miaka mitatu tu baada ya ajali. Mara ya kwanza nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu nikiwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakuhitaji kubembelezwa. Alilitafuta jina, akaligusa, akaniambia dada yake alikuwa mchoyo wa chokoleti tangu utotoni, akacheka, akasema baridi imeanza, turudi. Nilimwonea wivu. Si kwa sababu ya mawe yenyewe, maana mawe kwetu tunayo hadi ya kugawa, Bukoba nzima imejengwa juu ya mawe. Nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa na pa kwenda, na akifika pale hakuwa na haja ya kueleza kwamba dada yake alikuwemo melini kweli.

Msinielewe vibaya, sisemi Wazungu wanajua kuomboleza kuliko sisi. Katika hilo hawatufikii. Huku mtu akifa, mazishi yanasubiri wiki mbili, tatu, hata zaidi, na unakwenda baada ya kuthibitisha kwamba utafika ili wajue wapike chakula cha watu wangapi. Bibi yule alinisimulia kwamba juma lile la Estonia alikaa peke yake na simu. Majirani walimwachia maua mlangoni wakaondoka bila kugonga, kwa heshima. Nilipomwambia kwamba kwetu mtaa mzima ungehamia kwake, wanawake wangelala sebuleni, wanaume wangekesha nje na moto, na kwamba asingeruhusiwa kupika wala kuosha kikombe, aliniuliza kama watu hao wote wanalipwa na manispaa. Sikucheka. Aliuliza kwa dhati.

Lakini ndugu zangu, msiba una mwisho. Watu hutawanyika, turubai hukunjwa, deni la mchele hubaki. Baada ya hapo nani anatunza hesabu? Kila Mei 21 ikifika, kwenye makundi yetu ya WhatsApp tunaanza: mimi nilikuwa Kashai, mimi nilikuwa Nyakato nasoma, mimi nilikuwa tumboni. Hadithi ni nzuri, nyingine zinaliza. Ila nimeanza kuzichoka, nami nasema hivi nikijua nitachukiza. Tunajikumbuka sisi, tuliokuwa nchi kavu. Pengo lililopaswa kujazwa na majina ya wale tumelijaza na mahali tulipokuwa tumesimama. Waswidi wanauliza ulikuwa wapi juu ya Palme kwa sababu aliyekufa anajulikana, hata kama muuaji wake walimbishania zaidi ya miaka thelathini. Kuhusu Estonia sijawahi kumsikia mmoja wao akianza na swali hilo. Wanauliza: ulikuwa na mtu mle?

Kuna wanaoniambia, hasa shangazi yangu mmoja ambaye simu yake siwezi kuikata: mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa, unafukua nini? Shikamoo shangazi, lakini Mungu hakuuza tiketi zile. Msemo huo unamfariji aliyefiwa, na kwake una haki yake. Ukitoka mdomoni mwa mwenye mamlaka unakuwa kufuli.

Maana hatukujifunza. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, ziwani humohumo, kutoka Bugorora, siku ya gulio. Kilikuwa cha watu 101. Mimi nilikuwa kazini, namlisha mzee uji wa shayiri, simu ikatetemeka mfukoni mpaka nikaogopa. Nilipoisoma nilikaa chini. Mwenzangu wa zamu, msichana mwema kabisa, aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia kivuko kimezama nyumbani, akasema pole, kisha akauliza kama nimekumbuka dawa za chumba kinachofuata. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya kuwa mbali: mahali ulipokuwa unapajua wewe peke yako, hakuna wa kukuambia "hata mimi nilikuwa hapo". Siku zile niliishi kwenye simu. Na swali lilikuwa lilelile la 1996: walikuwa wangapi? Hakuna aliyejua. Aliyekuwa akitoa tiketi alikufa pamoja na abiria, na mashine ya kuandikia ilipotea majini. Hesabu ilipatikana kwa kuhesabu maiti. 228, na 41 wakiwa hai, mmoja wao fundi aliyetolewa baada ya siku mbili. Miaka ishirini na miwili baada ya MV Bukoba, orodha ya abiria ilikuwa ni kuwahesabu waliolazwa ufukweni.

Kisha tazameni Novemba 6, 2022. Ndege ya abiria ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Wavuvi ndio waliofika kwanza, tena kwa makasia. Mambo mengi siku ile yaliharibika, lakini siku hiyohiyo tulijua: 43 walikuwemo, 24 wameokolewa, 19 wamekufa. Familia zilijua nani amepanda. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayepanda ndege bila jina. Watu walewale, ziwa lilelile, mkoa uleule. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Mwafrika hapendi kuandika, au kwamba hatuna uwezo. Tunaandika tukitaka. Tunamwandika mwenye nauli kubwa.

Na huku hawakuzaliwa na busara hiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotaka abiria wa meli wahesabiwe na kuandikishwa ilipitishwa 1998, Estonia ikiwa imeshazama. Leo nikipanda meli ya usiku kwenda Finland natoa jina na tarehe ya kuzaliwa, hata kama ninakwenda kununua samaki na kurudi. Wala orodha haikumaliza ugomvi. Maiti nyingi za Estonia ziliachwa chini, mataifa matatu yakakubaliana eneo lile liwe kaburi lisiloguswa, na ndugu wengine hawajasamehe hadi leo. Mwaka 2019 wapiga filamu waliteremsha kamera, na 2020 wakaonyesha tundu ubavuni mwa meli, uchunguzi ukafunguliwa upya. Wanabishana kweli. Lakini wanabishania chanzo. Idadi haina mjadala.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na sisi tumeruhusu mamia wawe hawakuwepo.

Nimeliweka jambo hili mbele ya wenzangu wa mkoa wetu wa Kagera tunaokutana hapa Stockholm, na jibu la haraka lilikuwa tuchange tujenge mnara. Niliupinga. Mnara unajengwa kwa wiki kadhaa, unazinduliwa na mgeni rasmi, fulana zinachapwa, na majina bado hatuna. Kinachotakiwa kwanza ni daftari. Wazazi wa waliokufa wako kwenye miaka yao ya sabini na themanini sasa, wengine wametangulia, na wakiondoka hao, jina linaondoka nao kweli.

Kwa hiyo mwenye mzee kule Muleba, Kamachumu, Ukerewe, Mwanza au kokote meli ile ilikotoa watu, akienda likizo Desemba akae naye. Aandike jina kamili, la ukoo na la ubatizo au la Kiislamu, kijiji, umri kwa kukadiria kama haujulikani, alikuwa anakwenda kufanya nini Mwanza, alipanda wapi, Bukoba au Kemondo, na kama alipatikana. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine iende parokiani au msikitini, nyingine kwa mtendaji wa kijiji, agonge muhuri. Aliyekuwa amekwenda kwa mkopo wa jina la mtu mwingine, tunajua wapo, aandikwe lake la kweli. Na mtoto aliyekuwa mgongoni apewe mstari wake mwenyewe, asiandikwe tu "pamoja na mtoto".