Nunua Kioo, Kamera Achana Nayo

Kabla hujauliza bei ya kifaa cha kusomea vitabu vya kitaalamu, chukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Vitabu vingi vya kitaalamu tunavyovisoma kwa PDF, viwe vya umeme, ujenzi, takwimu au kompyuta, vimepangwa kwa ukurasa wa ukubwa huo au unaoukaribia. Sasa pima kioo cha simu yako. Simu ya inchi 6.5 ina kioo chenye upana wa sentimita 7 hivi. Ukurasa mzima ukibanwa humo unabaki theluthi moja ya upana wake, na kila herufi inasinyaa kwa kiasi hicho hicho. Macho yakikuuma, usikimbilie duka la miwani.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye hela kidogo anayetaka kusoma vitabu vya kitaalamu anunue kioo kikubwa chenye umbo la ukurasa, hata kama kifaa chenyewe ni cha mtumba na kimepitwa na wakati. Laini mbili, 5G, kamera tatu mgongoni, GB 256 za kuhifadhia, hivyo vyote ni vitu unavyovilipia na kitabu hakivihitaji.

Nayasema haya kwa sababu vijana wa vyuo vya hapa Dodoma, na hasa wa UDOM, huwa wananiuliza wanunue kifaa gani cha kusomea, wakiwa wameshapanga kununua simu mpya. Mmoja wa mwaka wa pili alinifuata ofisini, akaamkia, akatoa simu yake akanionyesha mchoro wa saketi. Alikuwa anauvuta kwa vidole viwili, anasogea kulia kuona rezista, anarudi kushoto kuona chanzo cha umeme, na akifika kwenye maelezo chini ya mchoro ameshasahau ile rezista ilikuwa namba ngapi.

"Kaka, nikichukua simu yenye ram kubwa si itakuwa afadhali?"

"Hiyo ram itaupanua mchoro?"

Akacheka. Mchoro ule ule tuliufungua kwenye iPad ya zamani ya inchi 9.7, ukaonekana wote kwa mara moja, na maelezo yake chini. Kitabu cha riwaya unaweza kukisoma hata kwenye kioo cha saa ukiwa na subira, maana sentensi inafuata sentensi. Cha kitaalamu hakisomwi hivyo. Unasoma aya, unatazama jedwali, unarudi kurasa tatu nyuma kuangalia fomula, unakwenda mbele kwenye zoezi. Jicho linahitaji kuuona ukurasa wote.

Ukiingia dukani utaonyeshwa vishikwambi vya inchi 10.1, na muuzaji atakwambia hiki ni kikubwa kuliko hiyo iPad ya inchi 9.7. Kwa inchi za kona hadi kona hakudanganyi, ila umbo lake ni la kuangalizia sinema: refu na jembamba. Ukikisimamisha wima, kioo cha 10.1 cha namna hiyo kina upana wa sentimita 13.6 hivi. Cha iPad ya 9.7 kina upana wa 14.8, ambao ndio upana wa karatasi ya A5, yaani nusu ya A4. Chenye inchi chache ndicho kinachokupa herufi kubwa zaidi. Ajabu ni kwamba kwenye tangazo la dukani utaandikiwa hadi rangi ya kava, lakini upana wa kioo kwa sentimita hutauona.

Halafu kuna jambo la bure ambalo wengi hawalijui, nalo ni kukata pambizo. Ukurasa wa A4 kwa kawaida una pambizo za sentimita 2.5 kila upande, hivyo maandishi yenyewe yana upana wa sentimita 16 tu. Programu nyingi za kusomea PDF zina sehemu ya kuziondoa hizo kingo nyeupe. Ukizikata, kioo cha sentimita 14.8 kinakuonyesha herufi kwa zaidi ya asilimia 90 ya ukubwa wake halisi. Hata kile cha 13.6 kinafika asilimia 85, na hapo kinasomeka vizuri tu. KOReader, ambayo ni ya bure na inaingia kwenye Android na kwenye visomeo vya vitabu kama Kindle na Kobo, inalifanya hili vizuri kuliko nyingine nilizozijaribu, ingawa sura yake haivutii na itakuchukua siku chache kuizoea. Na kama kwa sasa huna hela kabisa, kata pambizo kisha ilaze simu ubavu: upana utapanda hadi sentimita 15, herufi zitakaribia ukubwa wake, ila utakuwa unaona robo ya ukurasa tu kwa wakati mmoja. Kwa kujiandaa na jaribio la kesho, inatosha.

Wapenzi wa Kindle watanirushia mawe, lakini acha niseme. Kindle ya kawaida ya inchi 6 ni kifaa kizuri sana. Jua la Dodoma la Oktoba halikisumbui, kwa sababu kioo chake cha wino wa kielektroniki kinaurudisha mwanga kama karatasi, na chaji yake inakaa wiki kadhaa. Ukikaa nacho chini ya mwarobaini saa nane mchana unasoma bila tabu, wakati mwenye kishikwambi anatazama sura yake mwenyewe kwenye kioo. Tatizo ni upana wake wa sentimita 9, rangi zote kuwa kijivu, na uzito wa kupekua kurasa kwenda na kurudi. Wino huo huo kwa kioo kikubwa upo: Kindle Scribe ya inchi 10.2 ilitoka 2022 kwa dola 340 hivi za Marekani, kabla hujamlipa wa kukuletea. Hiyo si bei ya mwanafunzi anayesubiri boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo.

Kuna watakaosema tafuta vitabu vya EPUB, maana hivyo herufi zinajipanga upya kulingana na kioo. Kwa historia au uongozi, sawa. Kwa hesabu, mara nyingi fomula zinatoka kama vipicha vidogo visivyokua pamoja na maandishi, majedwali yanavunjika, na mistari ya programu za kompyuta inakatika pasipostahili. PDF ni ngumu kama jiwe, lakini walau haimhamishi mtu fomula yake.

Sasa mtumba wenyewe, na hapa ndipo hela inapopotelea. Kwenye Android angalia idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha kwenye kioo. Kioo cha 10.1 chenye pikseli 1280 kwa 800 kitakuonyesha aya vizuri, lakini zile namba ndogo za chini kwenye fomula zitakuwa na ukungu, 3 na 8 huzitofautishi. Tafuta 1920 kwa 1200. Ile iPad ya inchi 9.7 ina 2048 kwa 1536, ndiyo maana namba zake zinasomeka. Kwenye Android, ram ya GB 2 inakwama kwenye vitabu vilivyoskaniwa, kwa sababu kila ukurasa ni picha nzima. Anzia GB 3 au 4. Na vile vishikwambi vipya vya bei ya kutupa vinavyojitangaza vina ram 12 na memori 512, usiyaamini maandishi ya boksi wala ya kwenye mipangilio. Vingine vimechezewa vionyeshe namba za uongo. Jaza mafaili ndani, utaona kinavyoanza kugoma.

Kwa iPad, hatari kubwa ni akaunti ya aliyeitumia kabla yako. Muuzaji aitoe iCloud yake mbele yako, kifaa kifutwe, kiwashwe upya hadi kifike mwanzo bila kudai nywila ya mtu. Akikwambia "hiyo utaitoa nyumbani, ni rahisi tu," muage. Umri nao uangalie: iPad ya kizazi cha sita, ya mwaka 2018, haikuingizwa kwenye mfumo endeshi wa iPadOS 18, kwa hiyo kuna programu zitakazoanza kuikataa. Kwa kusoma PDF bado ni kifaa kamili, na huko kukataliwa ndiko kunakoishusha bei hadi sisi tuifikie. Kifaa chochote chenye sehemu ya laini, tafuta kwenye mipangilio IMEI, yaani namba yake ya utambulisho, uitume kwenda 15090 kwenye mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone kama inalingana na kifaa ulichoshika. Tangu simu feki zilipozimwa Juni 2016, hakuna sababu ya kununua kwa kubahatisha.

Nenda dukani na kitabu chako mwenyewe. Chagua ukurasa mbaya kuliko wote, wenye mchoro mkubwa na fomula ndefu, uufungue pale pale. Kisha tembea nacho hadi mlangoni, juani, uone mwanga wake wa juu kabisa unafika wapi. Chomeka chaja utikise kidogo. Vumbi letu la Julai na Agosti, upepo ukishaanza, linaingia kwenye tundu la chaji na kulilegeza, na vifaa vya mtumba huwa vimeshaanza ugonjwa huo.

Mwenye laptop inayofanya kazi simshauri anunue chochote bado. Na ile sura moja unayoirudia kila wiki, yenye majedwali unayoyaandikia kwa kalamu pembeni, ipeleke steshenari ukaitoe kopi uibaindi. Inafunguka hata umeme ukikatika, na ukiisahau kwenye daladala ya Ng'ong'ona hakuna atakayeiuza.