Kodi ya Nyumba Kwanza, Maua Baadaye

Wakristo wengi wanaopigania haki mjini huuhesabu uzuri kuwa anasa: maskini ashibe, bustani itafuata. Sikubaliani nao. Mwanzo 2:9 yasema miti ya Edeni ilitamanika kwa macho na kufaa kwa chakula, na macho yametajwa kabla ya tumbo. Mtaa ulioachwa bila mti wala kivuli umedhulumiwa.

Ila uzuri nao hudhulumu. Katika Yeremia 22, mfalme Yehoyakimu anakemewa kwa jumba lake lenye madirisha mapana, mierezi na rangi nyekundu. Mierezi haikuwa na kosa. Waliojenga hawakulipwa ujira wao. Basi kanisa likitaka kupamba, lianze na daftari la malipo ya vibarua, ndipo mchoro ufunguliwe.

Kipimo ninachokiamini kimo katika Zekaria 8:4-5: wazee wenye mikongojo wameketi njiani, watoto wanacheza. Kukitumia si kazi ngumu. Simameni sehemu moja ya mtaa asubuhi, mchana na jioni, nusu saa kila mara, mhesabu wazee walioketi na watoto wanaocheza. Wasipoonekana, sababu mara nyingi iko mbele ya macho: benchi liko juani, magari yanakwenda kasi, au mlangoni kuna ngazi tu, bila mteremko. Mteremko wa kiti cha magurudumu unahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ukiwa mkali zaidi, mzee hatapanda peke yake. Na benchi lililogawanywa kwa vyuma ili asiye na makazi asijinyooshe, hilo ni ukatili, hata likipakwa rangi nzuri kiasi gani.

Mfano wa kinyume chake upo. Katika karne ya 4, askofu Basili alijenga nje ya Kaisaria ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo, makao ya wagonjwa, maskini na wageni. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo aliyaita mji mpya. Wakoma waliofukuzwa mjini walipokewa huko.

Hatari kubwa huja baada ya kufanikiwa. Mtaa ukipendeza, kodi hupanda, na waliopanda miti wanahamishwa kabla haijatoa kivuli. Kwa hiyo mikataba ya wapangaji isainiwe kwanza, ya miaka kadhaa, yenye kikomo cha nyongeza kilichoandikwa. Kanisa lenye nyumba za kupangisha lianze na wapangaji wake lenyewe, kabla ya kumwendea mwenye nyumba mwingine yeyote.