Sikubaki, nimekaa

Shoga yangu kaja likizo kutoka Muscat. Juzi baada ya alasiri tumekaa barazani kwetu Mkunazini, kahawa mkononi, kashata kwenye sahani, na katikati ya mazungumzo matamu akaniuliza: "Mwenzangu, na wewe bado umekwama hapa hapa tu?" Najua hakukusudia kuniumiza. Tumesoma skuli moja, tumelala godoro moja. Lakini lile neno, kukwama, nimelala nalo siku tatu na leo nalitoa.

Tulikuwa watano. Wa kwanza kuondoka alifukuzwa na kiza. Aliyekuwepo Unguja wakati ule hahitaji kuhadithiwa: umeme ulikatika Disemba 2009, ukarudi Machi 2010, na mwaka 2008 tulikuwa tumeshaonja mwezi mzima. Yeye alikuwa akishona nguo za harusi kwa cherahani ya umeme. Kazi ikafa mbele ya macho yake, akapanda boti kwenda Dar es Salaam, akasema anakwenda mpaka taa ziwake. Taa zikawaka, hakurudi. Wa pili kaolewa London. Wa tatu ndiye huyu wa Muscat, kaenda kwa ndugu za babake. Wa nne yuko Fuoni, humu humu Unguja lakini nje ya mji, na namhesabu na yeye, kwa sababu zamani dirisha lake na langu yalikuwa yakitazamana na chumvi tukipeana bila ya mtu kushuka ngazi. Sasa kuonana naye mpaka tupange siku.

Sitosema wamekosea. Mishahara ya hapa naijua, na maji yanayokuja saa nane za usiku ndiyo yananiamsha mimi kujaza ndoo. Mwenye watoto wa kusomesha ana haki ya kwenda anakopata. Basi, hilo nimelikubali.

Ninachokataa ni kuhesabiwa kama kitu kilichosahauliwa. Tunaitwa "waliobaki". Kinachobaki ni makombo kwenye sinia. Mimi nimekaa, na kwetu sisi kukaa ndiko kuishi. Mwaka 2015 nilipata kazi nzuri ng'ambo ya bahari, nikaikataa kwa kauli yangu. Aliyeondoka anaulizwa sababu na anasikilizwa. Mimi huulizwa nina matatizo gani.

Nyumba zetu hizi za mawe na chokaa, zenye boriti za mikoko, zinataka mtu ndani yake. Mvua ya masika ikipenya padogo kwenye dari, anayelala mle ataliona doa asubuhi na atamwita fundi anayejua chokaa, asije mtu wa saruji akaufunga unyevu ndani ya ukuta. Ikikosa mtu, maji yanaifuata boriti mpaka kichwani, pale inapoingia ukutani, inaoza kimya kimya, na siku moja sakafu ya juu iko chini. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na ninajivunia. Lakini wa kuliona doa ni yule anayelala mle.

Tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib ilipoanguka upande, simu yangu ililia kabla sijafika Forodhani. London. "Ni kweli?" Nikafika, vumbi bado liko hewani, watu wamesimama hawasemi. Jumba la Sultani Sayyid Barghash, limesimama tangu 1883, limefunguka kama limepasuliwa, na watu wawili wamekufa chini ya kifusi. Shoga yangu wa London analia kwenye simu: nionyeshe, geuza huku, geuza na huku. Nikageuza, mkono unatetemeka. Siku ile nilifahamu kwamba mji wao wote walionao, wanao kwa sababu kuna mtu amesimama hapa ameshika simu.

Kichochoro chetu nyumba mbili sasa ni hoteli. Wageni ni watu wema, wananisalimia, na wiki ya pili ni wengine. Sina ugomvi nao. Lakini mgeni hamkoshi maiti wako.

Hilo ndilo nililotaka kumwambia huyu wa Muscat, nikashindwa kwa haya. Mamake alifariki miaka miwili nyuma, alfajiri, na kwetu maiti hawekwi. Tulimzika baada ya adhuhuri, tiketi yake ilikuwa ya usiku. Waliomkosha mamake ni sisi wanawake wa mtaani. Mimi ndiye niliyemimina maji yenye majani ya mkunazi, nikamchana nywele zile ambazo tulipokuwa watoto tulikuwa tukigombania kuzisuka. Nilijua sanda kaiweka sanduku gani, maana mwenyewe alinionyesha. Mabinti zake wote wako mbali, na mtu huonyesha aliye karibu. Mwanawe alipofika siku ya pili, nilimkabidhi ile khanga aliyokuwa kajifunika mamake usiku wa mwisho, sijaifua, kwa makusudi, ili aikute na harufu yake. Kwa hiyo nikiambiwa nimekwama, namuona mama yule amelala, na najiuliza angelimimina nani.

Kaondoka jana. Uwanja wa ndege akanishika mkono, akanitilia kiganjani ufunguo wa nyumba ya mamake. "Uwe unanifungulia madirisha, nyumba isinuke." Nikamwambia inshallah, tukalia, akaingia ndani.

Leo asubuhi nimekwenda kuyafungua. Darini, juu ya kitanda cha mamake, kuna doa jipya la maji, ukubwa wa sahani. Nimeshamwita fundi, kasema atakuja kesho baada ya sala ya asubuhi.