Buksi za Vaux-le-Vicomte: kupanda upya au kubadili mmea?

Bustani ya kasri la Vaux-le-Vicomte, kusini-mashariki mwa Paris, ilichorwa na André Le Nôtre kati ya 1656 na 1661 kwa ajili ya Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha wa Louis XIV. Fahari yake ni vitalu viwili vya tarizi: mistari ya buksi fupi (kichaka chenye majani madogo ya kijani mwaka mzima) inayojipinda juu ya matofali mekundu yaliyosagwa. Mwaka 2019 buksi zilizodhoofika ziling'olewa, na msanii Patrick Hourcade akaweka bamba za alumini mahali pake. Swali likabaki: warudishe buksi, au watafute mmea mwingine?

Wanaotaka buksi irudi husema bila buksi si bustani ya Le Nôtre tena. Hoja hiyo ina pengo. Buksi zilizong'olewa zilitokana na kazi ya mbunifu wa bustani Achille Duchêne ya 1923, baada ya familia ya Sommier kununua kasri lililochakaa mwaka 1875. Kilichorithiwa ni mchoro, si mashina.

Hoja yao ya pili, ya kitaalamu, ndiyo nzito. Buksi ina jani dogo, hustahimili chokaa, na ikipandwa kila sentimita 10 hadi 15 hufunga mstari ndani ya miaka michache. Hukubali kubaki fupi kwa miongo mingi, na ufupi huo ndio unaofanya mchoro usomeke kutoka juu ya kasri.

Lakini ina maadui wawili. Wa kwanza ni kuvu, Calonectria pseudonaviculata. Jani likikaa na unyevu kwa saa kadhaa katika joto la wastani, madoa ya kahawia hutokea, michirizi meusi hufuata kwenye vijiti, kisha majani hupukutika. Mbegu zake hunata kwenye mikasi na viatu, na huishi miaka kadhaa katika majani yaliyoanguka. Hapa urembo wenyewe ni chanzo cha tatizo: ukataji wa mara kwa mara hufanya uzio wa buksi kuwa mzito, hewa haipiti ndani, na umande haukauki. Ndiyo maana hukatwa siku kavu, juu ya turubai, na mikasi husafishwa kwa dawa kabla ya kuhamia kitalu kingine. Maji yapitie mpira wa matone, si ya kunyunyiza juu.

Wa pili ni nondo kutoka Asia ya Mashariki, aliyeonekana Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Viwavi wake hula majani kuanzia ndani, hivyo mtu hugundua wakati nusu ya kichaka imekwisha. Dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, huwaua wakiwa wadogo, ila jua na mvua huimaliza nguvu upesi. Nondo huzaa vizazi viwili au vitatu kwa mwaka, kwa hiyo kunyunyiza mara moja ni kupoteza fedha. Zipo aina mpya za buksi zinazostahimili kuvu. Viwavi huzila vilevile.

Upande wa pili, wanaotaka mmea mwingine, hutaja kasri la Het Loo, Uholanzi. Bustani yake ya karne ya 17, iliyofukiwa kisha ikarejeshwa kati ya 1977 na 1984, ilishambuliwa na kuvu, na buksi zikabadilishwa kwa Ilex crenata ya Japani, kichaka kinachofanana na buksi. Kwa mbali hutofautishi. Ila Het Loo ipo juu ya mchanga wenye asidi wa eneo la Veluwe, na mmea huo hupenda hali hiyo hasa. Kwenye chokaa huwa njano kwa kukosa madini ya chuma, na kwenye udongo unaotuamisha maji mizizi huoza. Wanaonakili Het Loo bila kupima udongo wanajitafutia hasara.

Kwa maoni yetu, mchoro ulindwe na mmea uamuliwe na udongo. Pima kwanza pH, yaani kiwango cha asidi ya udongo. Ikizidi 7, yaani udongo si wa asidi, buksi inayostahimili kuvu, pamoja na mitego ya nondo na mpango wa dawa, ni chaguo salama kuliko Ilex. Kwa vyovyote, zoa majani yote ya zamani, ondoa tabaka la juu la udongo, kisha panda mita chache za majaribio na uziangalie kwa misimu miwili ya baridi kabla ya kuagiza maelfu ya miche.