Dawa peke yake haimmalizi kantangaze

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake anawahimiza wakulima wa nyanya wapulize dawa mara nyingi zaidi dhidi ya kantangaze, nondo (kipepeo mdogo wa usiku) anayeharibu nyanya. Hapo sikubaliani naye kabisa. Nondo huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Kiwavi wake hula akiwa ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe, dawa nyingi hazimfikii, na ukipuliza ileile kila wiki anaizoea. Wekeni mitego yenye harufu ya jike inayonasa madume, teketezeni masalia ya mazao, na msifuatishe nyanya na viazi mviringo wala bilinganya, maana huko pia huzaliana. Maofisa ugani nao wafike mashambani jamani, watu wanalima kwa mikopo!